Govi likiwasha, usianze na krimu

Nilimwambia dada wa duka la dawa kwamba fangasi zimenishika miguuni. Nyuma yangu walikuwa wamesimama mama mmoja na binti yake, na mimi na miaka yangu thelathini na kitu sikuwa na ubavu wa kutamka neno govi mbele yao. Akanipa marhamu ya Whitfield, dawa nzuri kabisa kwa miguu. Ina asidi ya benzoiki na asidi ya salisiliki, na kazi yake mojawapo ni kumenya ngozi ngumu ya nyayo na ya katikati ya vidole. Usiku ule nikaipaka pale palipokuwa panawasha kweli. Ilinichonyota mpaka nikahamia kwenye beseni la maji, nikakaa humo hadi jogoo wa jirani akaanza kuwika.

Kumbe kilichoanzisha yote ni sabuni. Nililijua hilo siku chache baadaye kwa tabibu wa zahanati, aliyeniuliza swali moja tu: "Unaosha na nini, na mara ngapi kwa siku?" Nikamjibu: sabuni ya mche, mara tatu, na nikiona bado panawasha naongeza ya nne. Akacheka kidogo. "Basi acha," akasema.

Kwa hiyo utakuta hapa naanza na kupunguza, halafu kuangalia, na krimu inakuja nyuma. Maelezo haya ni ya mwanamume mtu mzima ambaye hajatahiriwa, au aliyetahiriwa ngozi ikabaki nyingi kiasi cha kufunika kichwa cha uume.

Yasiyosubiri mwongozo

Govi likivutwa nyuma likagoma kurudi mbele, hiyo ni dharura. Ngozi inabana nyuma ya kichwa cha uume kama mpira wa kufungia noti, damu inaingia lakini haitoki vizuri, kichwa kinavimba, na kadiri kinavyovimba ndivyo ngozi inavyozidi kubana. Hutokea baada ya tendo la ndoa, baada ya kuoga, na sana sana kwa wazee waliowekewa mpira wa mkojo, yule aliyeuweka akasahau kulirudisha govi mahali pake. Ukimwuguza mzee mwenye mpira, angalia hilo kila unapomsafisha.

Wakati usafiri unatafutwa, shika kichwa chote cha uume kwa kiganja juu ya kitambaa safi kilicholowa maji baridi, ukiminye taratibu bila kuachia kwa dakika tano hadi kumi ili uvimbe upungue. Kisha weka dole gumba mbili juu ya kichwa, sukuma kirudi ndani huku vidole vingine vikivuta ngozi mbele. Likirudi, nenda hospitali hata hivyo ukaangaliwe. Lisiporudi, usikae nalo mpaka asubuhi. Kichwa kikianza kuwa cheusi au cha zambarau, kila saa ina thamani.

Mengine ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo: mkojo kugoma kutoka, homa pamoja na wekundu au uvimbe unaopanda kuelekea korodani na tumbo la chini, na maumivu makali yanayozidi haraka. Mwenye kisukari asicheze kabisa na hayo mawili ya mwisho.

Hatua ya kwanza: angalia kwa mwanga

Wanaume wengi tunajikuna gizani na kujitibu gizani. Simama penye mwanga wa mchana, osha mikono, livute govi nyuma taratibu hadi linapokubali. Lisipokubali usilazimishe, utalichana, na kidonda kikipona kwa kovu litabana kuliko mwanzo.

Kuna vitu utaviona ambavyo si ugonjwa. Nongo nyeupe iliyojificha kwenye mfereji nyuma ya kichwa ni mchanganyiko wa mafuta ya ngozi na seli zilizokufa. Kila mwenye govi anayo, na maji yanaiondoa. Vipele vidogovidogo vinavyofanana, vimejipanga safu moja au mbili kuzunguka ukingo wa kichwa kama shanga, haviwashi wala haviumi: hivyo hujitokeza ujanani, na havihitaji dawa. Nimesikia vijana wanavichoma kwa dawa za masundosundo. Wanabaki na vidonda ambavyo hawakuwa navyo.

Kinachotakiwa kukufanya uendelee kusoma ni hiki: wekundu au ngozi inayong'aa, ukavu unaobanduka, mipasuko midogo kwenye ncha ya govi, ute wenye harufu, mabaka meupe, malengelenge, au kidonda. Kumbuka ulichokiona, hata kukiandika kwenye simu. Ukifika kwa daktari utaulizwa, na "panawasha tu" haimsaidii.

Hatua ya pili: ondoa, kwa siku saba

Ngozi ya ndani ya govi si sawa na ya mkono. Ni laini, nyembamba, inakaa na unyevu muda wote, na chochote unachokiweka pale kinafunikwa na kubaki. Ndiyo maana sabuni ambayo haijakudhuru mgongoni miaka ishirini inaweza kukuunguza hapo kwa wiki mbili.

Kwa siku saba, sabuni ya aina yoyote isiingie chini ya govi. Narudia, ya aina yoyote: ya mche, ya kuogea yenye manukato, ya maji, ya "kuua vijidudu asilimia tisini na tisa". Dawa za kuua vijidudu ambazo watu huzitia kifuniko kimoja kwenye ndoo ya kuogea, nazo ziondoke. Vilevile spiriti, ndimu, kitunguu swaumu, dawa ya meno (ndiyo, wapo), majivu, na ile dawa ya zambarau ambayo mama zetu walitupaka mdomoni utotoni. Hiyo ya zambarau ikiwa kali imewahi kuwatia watu vidonda sehemu hizi.

Nguo za ndani ziwe za pamba, zisibane, na uzisuuze mpaka povu liishe kabisa. Unga wa kufulia uliobaki kwenye kitambaa ukikutana na jasho unaamka. Kama unatumia kondomu zenye dawa ya kuua mbegu au za kunukia, acha hizo. Kama kila ukivaa kondomu unavimba au unawashwa, huenda ni mzio wa mpira wenyewe, na zipo kondomu zisizotengenezwa kwa mpira huo, ingawa bei yake ni kubwa zaidi. Na kama umemenya pilipili, osha mikono *kabla* ya kwenda msalani. Hilo halihitaji maelezo kwa aliyewahi kusahau.

Kuosha kwenyewe ni kwa maji safi ya uvuguvugu, mara moja kwa siku na baada ya tendo la ndoa. Vuta govi nyuma, mimina maji, pitisha kidole taratibu kwenye ule mfereji, suuza. Halafu kausha kwa kugusagusa na kitambaa laini, usisugue, na rudisha govi mbele. Ukikojoa, livute kidogo ili mkojo usibaki ndani, kamua tone la mwisho, kausha.

Panapochonyota sana, maji ya chumvi hutuliza. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa sana, acha yapoe, kisha tumbukiza uume kwenye kikombe cha maji hayo dakika tano hadi kumi, mara mbili kwa siku. (Kikombe hicho kipate makazi yake mwenyewe, kisirudi kabatini.) Yasikukaushe sana: ukiona ngozi inapasuka, punguza. Baada ya kukausha unaweza kupaka mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kidogo tu, ili ngozi isisuguane na nguo. Ukumbuke mafuta ya namna hiyo huharibu kondomu za mpira, kwa hiyo hayaendi pamoja.

Mimi niliishia hapa. Siku ya nne muwasho ulipungua, siku ya kumi sikumbuki hata nilikuwa na nini. Si kila mtu ataishia hapa.

Hatua ya tatu: jiulize kilichotangulia

Kuna swali ambalo halimjii mtu haraka: ulimeza dawa gani siku chache kabla? Kuna mzio unaotokea mahali palepale kila unapomeza dawa fulani, na kichwa cha uume ni moja ya sehemu ambazo mzio huo hupenda kutokea. Linaanza doa jekundu au la zambarau, la mviringo, linachoma, pengine linatoa lengelenge na kuchubuka. Linapona, linaacha alama nyeusi. Miezi sita baadaye unaumwa, unameza dawa ileile, doa linarudi palepale kama lina anwani.

Kwetu huku dawa inayotajwa sana ni kotrimoksazoli, ile tunayoiita Septrini. Nyingine ni za jamii ya salfa zilizotumika kutibu malaria, doksisaiklini, metronidazoli, na baadhi ya dawa za maumivu kama ibuprofeni. Mume anatoa doa, mke anasema umelileta kutoka nje, nyumba inawaka moto, na mwenye kosa ni kidonge. Kama hesabu zako zinaangukia hapo, nenda na pakiti ya dawa kwa daktari, na jina lake uliandike mahali ambapo hutalipoteza. Kama unapewa Septrini kliniki ya CTC (ya huduma na matibabu kwa wenye VVU) usiikatishe kimyakimya. Waambie, wana njia nyingine. Ikiwa malengelenge yametoka pia mdomoni, machoni au mwilini, hiyo ni hatari kubwa: acha dawa na nenda hospitali saa hiyohiyo.

Jiulize pia kama mwenzi wako ana muwasho au ute usio wa kawaida, kama umepata mwenzi mpya, na kama una ugonjwa wa ngozi sehemu nyingine. Anayewashwa usiku mikononi, kiunoni na kwenye uume, na nyumba nzima inajikuna, huyo ana upele wa kuambukiza. Watatibiwa wote kwa mpigo.

Hatua ya nne: fangasi, na bomba sahihi la krimu

Fangasi wa govi wanatambulika hivi: wekundu wenye vidoadoa, muwasho unaozidi baada ya tendo la ndoa, utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, mara nyingine mipasuko midogo inayouma ukivuta govi. Hapo krimu inakuwa na kazi.

Omba klotrimazoli ya asilimia 1, krimu yenye dawa hiyo peke yake. Osha kwa maji, kausha, paka nyembamba kwenye kichwa na ndani ya govi asubuhi na usiku, siku saba hadi kumi na nne, na usiache siku ya tatu kwa sababu muwasho umekwisha. Pumzisha tendo la ndoa mpaka upone, kwa kuwa msuguano unachelewesha na krimu hizi nazo zinaweza kudhoofisha kondomu. Mwenzi mwenye dalili atibiwe wakati huohuo, la sivyo mtakuwa mnapokezana. Daktari anaweza pia kukuandikia flukonazoli, kidonge kimoja cha miligramu 150. Kama unatumia dawa nyingine za kila siku mtajie kwanza, maana kidonge hicho kinagombana na baadhi yake.

Sasa kuhusu bomba. Maduka mengi yatakupa krimu ya mchanganyiko: kiua fangasi, antibayotiki na steroidi kali ndani ya bomba moja. Inapendwa kwa sababu steroidi inanyamazisha muwasho usiku uleule, na mnunuzi anarudi kuishukuru. Lakini ukiipaka wiki baada ya wiki kwenye ngozi ile nyembamba inaidhoofisha, na fangasi waliotulia wanarudi kwa nguvu ukiiacha. Kama una herpesi (vilengelenge vya zinaa vinavyorudirudi), steroidi inaifungulia mlango. Soma ubavuni mwa boksi. Ukiona *betamethasone* au *clobetasol*, hiyo si ya kujinunulia kwa muwasho usiojulikana. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ni hafifu zaidi na daktari huitoa kwa siku chache pale ngozi ilipoungua kwa sabuni.

Harufu kali ya uozo pamoja na ute na uvimbe huashiria bakteria, mara nyingi wale wasiohitaji hewa, na hao wanatibiwa kwa antibayotiki ya kumeza aliyoipanga daktari. Krimu ya fangasi haitawagusa.

Hatua ya tano: pima sukari

Kama nawe ni wa kusoma kipande kimoja na kuondoka, soma hiki. Mwanamume anayepata fangasi za govi mara ya pili, mara ya tatu, au ambaye ncha ya govi lake inapasukapasuka kila akipona, apimwe sukari. Sukari ikizidi kwenye damu inamwagika kwenye mkojo, matone yanabaki chini ya govi, na fangasi wanapata karamu. Wapo wanaume waliogundulika kisukari kwa njia hii, kabla hata ya kiu na kukojoa usiku kuwashtua.

Kipimo ni tone la damu kidoleni na kinapatikana hata zahanati nyingi. Ukipimwa hujala tangu usiku, 7.0 mmol/L au zaidi si ya kupuuza. Ukipimwa wakati wowote, 11.1 mmol/L au zaidi pamoja na dalili inatosha kumfanya daktari akushike mkono. Majibu hayo hurudiwa kwa kipimo rasmi. Kama tayari una kisukari na unatumia dapagliflozini au empagliflozini, dawa hizo zinafanya kazi kwa kutoa sukari kupitia mkojo, kwa hiyo fangasi ni jambo linalojulikana kwa wanaozitumia. Usiziache, mweleze aliyekuandikia.

Katika ziara hiyohiyo pima na VVU kama hujui hali yako, maana kinga ikishuka fangasi nazo hujirudia.

Vidonda na usaha

Hapa nakata maneno, kwa sababu hakuna kujitibu. Kidonda kimoja kisichouma, chenye kingo ngumu, kinaweza kuwa kaswende, na kikijifunga chenyewe si kwamba umepona: ugonjwa umeingia ndani. Vidonda vinavyouma na kutoa usaha, pengine pamoja na mtoki, hufikiriwa pangusa. Vilengelenge vilivyokusanyika, vinapasuka, vinapona, vinarudi: herpesi. Usaha unaotoka kwenye tundu la mkojo: kisonono au klamidia. Nenda kliniki na mwenzi wako, mpimwe wote. Sindano ya penisilini ya kaswende ni dawa ya miaka mingi na bado inatibu.

Na kidonda, uvimbe au baka lolote ambalo limepita wiki nne bila kupona, hata kama haliumi, linahitaji daktari akate kipande kidogo kipimwe. Saratani ya uume si ya kawaida, lakini huanza kwa utulivu wa namna hiyo, na govi lililobana linaificha.

Govi linalobana

Kama siku zote limekuwa linabana bila kuuma wala kuwasha, na mkojo unatoka sawa, unaweza kuishi nalo. Kama linabana hivi karibuni, baada ya fangasi za mara kwa mara au pamoja na mabaka meupe magumu, mwone daktari. Mabaka hayo yanaweza kuwa ugonjwa wa ngozi unaoitwa lichen sclerosus, ambao unaibana ngozi na pengine tundu la mkojo. Unatibika kwa steroidi kali chini ya uangalizi, na unahitaji kufuatiliwa.

Kwa kubana kwa kawaida, kabla ya kisu ipo njia ya polepole. Daktari anaandika krimu ya betamethasoni, unapaka kidogo pale tu penye kiduara kinachobana, mara mbili kwa siku, wiki nne hadi nane, huku ukilivuta govi taratibu kila siku hadi unapohisi linanyooka bila kuuma. Wengi hufanikiwa. Steroidi ileile niliyoisema vibaya hapo juu hapa ina kazi, ina mahali na ina tarehe ya mwisho.

Mtoto wa kiume ni habari nyingine. Govi la mtoto limegandana na kichwa kwa asili, linaachia lenyewe kwa miaka, wengine hadi balehe. Usimvute. Osha kwa nje tu.

Tohara

Kwetu Usukumani tohara haikuwa mila, kama ilivyo kwa Waluo ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo wengi wetu tulikutana na wazo hili ukubwani. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza tohara ya kitabibu baada ya majaribio ya Orange Farm Afrika Kusini, Kisumu Kenya na Rakai Uganda kuonyesha inapunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke. Haiondoi kondomu. Kwa mwenye fangasi zisizoisha, govi lenye makovu au lililowahi kukwama nyuma, tohara mara nyingi ndiyo suluhisho la kudumu. Kwa mwenzangu aliyeunguzwa na sabuni wiki moja, ni kukata mti kwa sababu ya jani.

Uvimbe utulizwe kwanza, sukari ishushwe, ndipo ukatwe na mhudumu aliyefunzwa. Baada ya hapo ni wiki sita bila tendo la ndoa na bila kujichua, hata kama kwa macho kidonda kimefunga.

Kuhusu kusema

Ukiona aibu dirishani, andika kwenye karatasi au kwenye simu na umwonyeshe muuza dawa: sehemu ni govi, muwasho una siku ngapi, kuna ute au kidonda au hakuna, dawa ulizomeza wiki mbili zilizopita, una kisukari au hujapima. Omba kuzungumza pembeni. Famasi nyingi zina kikona au chumba cha ndani. Mara ya pili nilipokwenda, nilimkuta dada yuleyule. Alisoma, akauliza, "Na ile ya miguu ilikusaidia, kaka?"